Mke Wangu Hakusimama Kando ya Mzinga

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hapa kwetu karibu na Katito hata mbuzi wanasoma hii page yako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mke wangu alishatangulia, na masomo yangu yaliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu na mimi hatukupatana. Na mjue mnaongea na nani: kuanzia hapa mpaka ziwani, hakuna mzee mwingine aliyeingia lile kasri maarufu la Edinburgh, kule Scotland, mara mbili. Mara mbili! Wazee wenzangu hata Eldoret hawajafika.

Haya, ni uongo. Niliingia mara moja. Mara ya pili nilibaki nje kwenye benchi kama mzigo, na ndiyo sababu naandika.

Binti yangu ni nesi huko. Miaka sita iliyopita alitutumia tiketi, mimi na mama yake. Mama yake nilimwita Nyar Usenge, yaani binti wa Usenge, kwa sababu nilimtoa huko, kule dagaa wa omena wanaanikwa mpaka mlangoni. Kiingereza hakujua hata kidogo. Mimi najua kile cha kuombea chai. Siku moja binti akatushusha pale kwenye kasri, akakimbia kazini, akasema atatuchukua saa nane. Njia yenyewe inapanda. Nyar Usenge akaiangalia, akakaa kwenye benchi.

"Jaduong', mzee wangu, enda peke yako. Magoti yangu yamekataa."

"Umevuka bahari yote hiyo unashindwa na kilima?" nikamchokoza. "Kaa hapo basi. Nikipata malkia huko juu, sirudi."

"Malkia atakurudisha mwenyewe akisikia unavyokoroma."

Nikamwachia koti langu, nikapanda. Nilimwambia dakika kumi. Lakini huko juu nikasikia kuna mzinga unaopigwa saa saba mchana, nikasema siwezi kurudi Katito bila kuona. Nikangoja karibu masaa mawili. Ulipopigwa, puu! nikapiga makofi mpaka wazungu wakanigeukia.

Sasa huko chini hakuna mtu aliyemwambia Nyar Usenge habari ya mzinga. Yeye alisikia bunduki kubwa imelia mahali mume wake ameenda. Niliposhuka nilimkuta amesimama katikati ya watu, koti langu amelikumbatia, anawauliza wazungu kwa Dholuo, mmoja mmoja, kama wameona mzee mweusi mrefu. Wanatabasamu, wanapita. Machozi yamefika kidevuni. Na mimi, jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Hakunigombeza. Alinivalisha koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akasema, "Usiambie mtu kwamba nililia."

Nikaahidi. Na hiyo ahadi nikaitimiza kupita kiasi. Binti alipokuja nikamwambia mama yake alisimama kando ya mzinga na hakutikisika. Tuliporudi nyumbani nikaongeza chumvi. Wamama wa kanisa wakimuuliza, Nyar Usenge ananiangalia tu, anasema, "Muulizeni Jaduong', yeye ndiye alikuwa na macho." Alipofariki, mwaka juzi, nilishika maikrofoni mbele ya ukoo mzima nikasema mzinga wa mfalme ulilia na huyu mama hata kitambaa cha kichwa hakikusogea. Watu wakashangilia. Nikalia, wakadhani ni uchungu wa msiba peke yake.

Mwaka huu binti amenipeleka tena, pamoja na mume wake na watoto wao wawili. Kumbe safari ilikuwa na kazi yake. Tulipofika pale akasema, "Baba, twende utuonyeshe mahali mama alisimama. Nataka picha. Tutachora huo mzinga kwenye jiwe la kaburi na chini yake tuandike HAKUTIKISIKA."

Nikasingizia magoti. Wakapanda bila mimi, mjukuu mdogo akinipungia mkono mpaka wakapotea.

Nikakaa kwenye ile benchi. Watu wangu, kutoka pale hakuna cha kuona. Kuna ukuta, kuna migongo ya watu wanaoenda. Masaa mawili mke wangu aliangalia migongo. Nilijaribu kusalimia mtu mmoja, akashika mkoba wake vizuri. Mimi nilijua mzinga utapigwa, nilikuwa nimekazia macho saa yangu kabisa, na bado ulipolia nilishtuka, mkono wangu ukaenda kando kutafuta mtu.

Waliposhuka binti aliniuliza, "Baba, unalia?" Nikamwambia ni baridi.

Sasa fundi wa jiwe yuko hapo Kisumu anangoja maneno. Ukumbusho ni Desemba, ukoo wote unakuja. Nikisema ukweli nimevunja ahadi niliyompa mke wangu, na binti atajua jinsi nilivyocheka. Nikinyamaza, Nyar Usenge atalala chini ya uongo wangu, umechongwa, wajukuu wausome nikiwa sipo. Ningemuuliza yeye, maana ndiye alikuwa ananipangia maneno yangu yote. Jioni nakaa sebuleni na viti sita, natumia kimoja.

Nishaurini, nifanye nini? Na wewe kijana wa kuandika "pole mzee, omba tu", pita na njia yako, kuomba nimeomba.

Na wewe mama muuza nyanya hapa sokoni, unayenisomea komenti nikikosa miwani, najua utafika hapa. Ulipoenda kuzika shangazi yako nilikulindia meza kutwa nzima, jua la utosini, ukasema, "Mzee, na mimi iko siku nitakufaa." Basi njoo Jumapili mkitoka kanisani. Chai nitapika mwenyewe, ni mbaya lakini ni moto. Utakaa mbele yangu, utanyamaza, utajifanya wewe ndiye binti yangu, nijaribu kumwambia.