Mbegu Zilizovuka Mto

Majirani walimwita Hakitupwi, na hawakumsingizia. Alikuwa mjane mwenye kishamba cha viazi vikuu, na humo hakikupotea kitu. Maganda alimpa mbuzi, samadi ya mbuzi ikaingia kwenye matuta, na mabua ya mahindi yakawa fito za kupandishia viazi. Katikati ya matuta alipenyeza maharage, magugu yakakosa pa kuota. Watu walimtania kwamba hata kivuli chake amekipangia kazi. Yeye alicheka tu, maana wenye mashamba makubwa kuliko lake hawakumpita kwa mavuno.

Aliyelima naye alikuwa mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu mama yao afariki. Alimfundisha kukata mbegu vipande vidogo, kila kimoja na ganda lake, kuvipaka majivu na kuvianika kivulini mpaka kidonda kikauke.

Msimu mmoja binti yake Hakitupwi alijifungua kwa upasuaji, huko mbali alikoolewa, ikabidi mama aende kumuuguza. Mbegu zote zilikuwa zimelala kwenye kichanja, jikoni.

"Uzigeuzegeuze," alimwagiza mdogo wake. "Ikioza moja itoe upesi, isiambukize wenzake."

"Nenda dada, ondoa wasiwasi. Kwani mimi mgeni?"

Aliporudi, mvua ilikuwa inanukia na kichanja kilikuwa kitupu. Mdogo wake aliketi kwenye kigoda, macho chini.

"Zimeoza, dada. Zote. Nimezitupa."

Hakitupwi alikaa sakafuni. Lakini alipomwona mwenzake anabubujikwa na machozi, alijikaza akamvuta kifuani. "Basi, mama, nyamaza. Hukupenda zioze." Kesho yake alikwenda sokoni kununua mbegu zilizobaki baada ya wenzake kuchagua, akazikata vipande vyembamba ili zienee. Nyingi hazikuchipua.

Mvua ilipokolea alivuka mto kutafuta fito. Ng'ambo alikuta shamba jipya, matuta yamepangwa kama yake, maharage katikati. Mashina ya viazi yalikuwa ya zambarau. Aina ile aliichagua mwenyewe, msimu baada ya msimu, na pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kisha akamwona mdogo wake ameinama, anafunga mashina kwa nyuzi za gunia. Pembeni alikuwa fundi baiskeli, mchumba wake, akipalilia.

Hakitupwi aliwaendea.

"Kumbe zilikuja kuozea huku?"

Mdogo wake aliganda. Fundi alishika jembe lake, akajisogeza kando kama mtu aliyeitwa na shughuli nyingine.

"Dada, ningekuomba ungenipa?"

"Hukuomba. Utajuaje?"

"Nakujua. Kwako kila kitu kina kazi, hata mimi. Nimelima kwako tangu mtoto. Lini uliniambia, mdogo wangu, tuta hili ni lako?"

Hakitupwi alijaribu kukumbuka. Kweli hakuwahi kusema. Moyoni alikuwa amepanga kwamba siku ya harusi atampa nusu ya mbegu pamoja na kipande cha chini cha shamba, na alitaka kumshtukiza. Kulisema sasa kungeonekana uongo.

"Ulilia," alisema mwishowe. "Ukalia, nami nikakubembeleza."

Mdogo wake aliinama tena kufunga mashina.

Jioni ile fundi alikuja kusimama mlangoni. "Shemeji, nimetumwa nguo za mdogo wako." Hakitupwi akamkabidhi zote, zimefuliwa na kukunjwa. Majirani walimshauri ashitaki kwa wazee. "Nimshitaki nani?" aliwauliza. "Mtoto niliyemlea?"

Mavuno yake yalitosha kula tu. Ng'ambo walivuna mpaka wakaazima mkokoteni.

Msimu uliofuata alipanda nusu ya shamba, nusu akaiacha iote majani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwake. Kibarua mmoja alikuja kuomba kazi, mwanamke mwenye mikono ya kazi hasa. Hakitupwi alimuuliza maswali mengi kuhusu kwao na ndugu zake, kisha akamwambia apite siku nyingine. Siku hiyo haikufika.

Akikutana na mdogo wake njiani, shikamoo inatoka, marahaba inarudi, na kila mmoja anashika njia yake.