Nilimwambia Mwalimu Kwetu Shwari

Siku ile naikumbuka mpaka kanga niliyojifunga. Nilikuwa nimeitwa shuleni, hapa hapa Mtoni, kwa ajili ya binti yangu Zuhura. Alikuwa darasa la tatu, mtoto wa miaka tisa, na wiki nzima alikuwa akijikojolea darasani.

Mwanangu, nikwambie yaliyokuwa nyumbani. Baba yake alikuwa amenipa talaka miezi miwili nyuma, akahamia kwa mke mwingine. Nami kwa kuogopa midomo ya wanawake wenzangu nikawaambia majirani kasafiri kikazi. Zuhura naye nikamfundisha: ukiulizwa, sema baba yuko safari. Alipomlilia baba yake, nilimkaripia. Mzigo wa mtu mzima nikamtwisha mtoto, tena nikamkataza hata kuguna.

Mwalimu wake alikuwa binti mdogo kutoka bara, mpole. Alinipa kiti, Zuhura akasimama pembeni yangu.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema. "Huyu alikuwa mchangamfu sana. Kuna jambo limempata nyumbani? Niambie tu, nijue namna ya kumsaidia."

Zuhura akaniangalia. Macho yale sijayasahau. Alikuwa akingoja niseme, ili naye apumue.

"Kwetu shwari, mwalimu," nikajibu. "Huyu ana deko tu. Nyama yako, mifupa yangu."

Ndivyo wazee wetu walivyosema walipompeleka mtoto chuo cha Kurani: mchape utakavyo, mradi usimvunje. Nami nikajiona mzazi wa kupigiwa mfano. Mwalimu alijaribu kuniuliza tena, nikamkatiza, nikainuka nikaenda zangu. Basi kwa kauli yangu ile Zuhura akapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, na huyo hakuwa na maswali, alikuwa na fimbo.

Aliacha kujikojolea. Akaacha na kunisimulia chochote. Watu wakanisifu, nami nikafurahi, mpumbavu mie. Na talaka yenyewe mtaa mzima ulikuwa unaijua.

Sasa ana nyumba yake Tegeta. Mwaka jana bintiye alifiwa na babu yake mzaa baba, aliyempenda sana, akawa hali wala hasemi shuleni. Nilipiga simu, nikamwambia Zuhura nakuja, twende wote kwa mwalimu.

"Nimeshaenda, mama," akanijibu kwa adabu. "Nimemweleza mwalimu kila kitu, na mtoto akiwepo anasikia. Wewe pumzika tu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mwanangu, ukiitwa shuleni, aibu iache nyumbani. Mficha uchi hazai. Mwambie mwalimu: tumeachana, tumefiwa, mtoto hapati usingizi. Kisa chote si lazima, ila ajue mtoto anaumwa wapi na kitu gani humtuliza. Asipokusikiliza, rudi kesho, ukamwone na mkuu wa shule. Na mtoto anayelia usimkabidhi kwa fimbo ili watu wakuite mlezi bora. Watu watasahau kukusifu, lakini yeye hatasahau kwamba siku aliyokuhitaji uliwachagua wao. Majuto ni mjukuu, na mimi nayaishi.

Mungu akujaalie mtoto wa kukusimulia mambo yake hadi uzeeni. Mimi nilikuwa naye, nikamnyamazisha mwenyewe.