Maksai wa Shinikizo

Wadachi walipokuwa wakitawala, ukoo wetu ulikuwa na shinikizo la kukamulia mafuta ya ufuta, katika vilima vya kaskazini ya Dodoma. Lilikuwa gogo la mkwaju lililochimbwa kama kinu. Ndani yake mchi mnene ulizungushwa na maksai aliyefungwa kitambaa machoni. Watu walileta ufuta, wakaondoka na mafuta, wakatuachia fungu letu. Makapi yake, mashudu, yalilisha ng'ombe wakati wa kiangazi.

Reli ilipofika, Mdachi mmoja mfanyabiashara aliweka mashine ya chuma karibu na stesheni. Alinunua ufuta wetu, na mafuta yakaturudia katika madebe, kwa bei aliyopanga yeye. Mashudu yalipakiwa kwenye mabehewa kwenda pwani. Vijiji viwili jirani vilimuuzia mashinikizo yao, akayapasua kuni. Hapo nikaelewa: alitaka pasibaki mahali pengine pa kukamulia.

Alipokuja kwetu na karani wake, baba mdogo, mkuu wa ukoo tangu baba afariki, alikataa katakata kuuza shinikizo. Wiki hiyohiyo akamuuzia maksai.

"Baba mdogo, umeuza shinikizo!"

"Nimeuza ng'ombe. Shinikizo si hilo hapo?"

"Litazungushwa na nani? Na wewe?"

"Shika adabu yako," alisema. Lakini alikwenda kulitazama gogo.

Kununua maksai mwingine kusingefaa. Mdachi angepandisha bei, na baba mdogo angelegea tena. Nikashuka Ugogo kwa mfugaji aliyekuwa rafiki wa baba. Kwao ni desturi kuweka ng'ombe kwa rafiki: aliyewekewa humtunza na kumtumia, ila mwenye mali habadiliki. Nilimwomba aweke maksai kwetu, nasi tumpe mashudu.

Alicheka sana. "Ninyi watu wa milimani! Mnauza miguu, mnabaki na kiti! Haya, mchukue yule mwekundu. Baba yako alinisitiri wakati wa njaa. Lakini akikonda, nakuja kukufunga kitambaa wewe, uzunguke mwenyewe."

Yule mwekundu hakuijua kazi. Alikuwa akisimama kila alipolisikia gogo likilia. Nilitembea mbele yake asubuhi na jioni mpaka akazoea.

Mdachi alirudi kumtaka huyo mwekundu, na bei kubwa zaidi. Karani alipoitaja, nilimtazama baba mdogo. Alimeza mate.

"Huyu si wetu," alisema. "Mwenyewe yuko Ugogo."

"Ugogo wapi?" karani aliuliza.

"Anahama na mifugo yake, bwana. Leo hapa, kesho kule."

Karani alitafsiri. Mdachi alimzunguka maksai mara moja, kisha akapanda farasi wake, akaenda zake.

Mavuno yaliyofuata, watu wa vile vijiji viwili walileta ufuta kwetu. Baba mdogo aliwaonyesha mkwaju wa kukata, na namna ya kuuchimba uwe shinikizo lao. Mimi nilijitwika kikapu cha kwanza cha mashudu, nikashuka nacho Ugogo.