Uradi wa Kijerumani

Mume wangu alipopata nyumba ya vyumba viwili huko Ujerumani, alinipigia simu akaniambia mambo yote sasa yako sawa, nimfuate, limebaki jambo dogo tu. Nikashika kichwa hapo hapo, maana katika ndoa yetu kila zito huanza kwa kuitwa dogo. Jambo lenyewe lilikuwa cheti cha Kijerumani. Bila kufaulu mtihani hakuna viza, na bila viza tungeendelea kuwa mke na mume wa simu, kama tulivyokuwa karibu tangu siku ya harusi.

Nilikuwa nakaa Gando kwa mama, mimi mtoto wa mwisho na wa pekee niliyebaki nyumbani; wenzangu wote wako Unguja na bara. Mwalimu wa Kijerumani Gando hakuna. Wete mjini nilikwenda kuuliza, nikaoneshwa mwalimu wa Kiingereza kwa matumaini kwamba nitaridhika. Ikabidi nijifundishe mwenyewe.

Ushauri haukukosekana. Mume wangu, ambaye Kijerumani chake ni cha jikoni kwenye hoteli anayofanya kazi na hakivuki sufuria na chumvi, aliniambia sarufi niachane nayo, niongee tu na watu. Wazo zuri sana. Nikatoka nje kuwatafuta Wajerumani wa Gando, nikakuta mbuzi wawili na kuku wa jirani. Nikaweka programu kwenye simu. Hiyo ilinifundisha kusema kwamba tembo anakunywa maziwa, kisha ikanipigia makofi na kunirushia nyota, nami nikajiona msomi hasa. Baadaye nikahamia kwa mwanamke mmoja wa kwenye video, mwenye tabasamu lisilochoka, ambaye alianza kila somo kwa kuniahidi kwamba sarufi hii ni rahisi. Mtandao wa Gando ulikuwa na huruma kuliko yeye, maana angalau ulimkatiza.

Wajerumani nao, kwa hekima zao, wameamua kwamba kila kitu duniani kiwe cha kiume, cha kike, au kisiwe upande wowote. Nikakata karatasi za rangi tatu nikazibandika nyumba nzima. Meza ikawa mwanamume, taa mwanamke, kitanda kikabaki hakijulikani. Mama alizunguka akizitazama, akauliza kama nyumba yake inapigwa mnada. Nilipomweleza, alikitazama kitanda kwa huruma nyingi. Paa lilipovuja, karatasi zikaanza kudondoka moja moja, na ile ya taa ikaliwa na kuku.

Kilichonifaa sikukitafuta. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kila baada ya sala ya alasiri mimi na mama tulikaa uani tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Kazi hiyo inashughulisha vidole na kuuacha mdomo bure. Siku moja nikajikuta nalitamka lile jedwali la vijineno vinavyotangulia majina, der, den, dem, kwa mahadhi tuliyohifadhia Kurani chuoni tulipokuwa wadogo, mwalimu akitamka, sisi tukiitikia, wote tunatikisika mbele na nyuma. Jedwali ambalo macho yalikuwa yakipigana nalo muda wote ule, mdomo ulilimaliza kabla karafuu hazijakauka.

Basi nikaacha kujifanya Mzungu. Kila alasiri nilirudia kwanza somo la jana, ndipo nikashika jipya, na nikikosea narudi mwanzo. Sentensi nazo sikuzijenga tena kwa kanuni. Nilizihifadhi nzima nzima, vitenzi vyao vikining'inia mkiani. Chuoni tulihifadhi mengi kabla ya kuyajua, na maana ikaja kwa wakati wake, kwa hiyo sikuona kwa nini Kijerumani kishindwe kungoja. Kasoro ilikuwa moja tu. Kama mtoto yeyote wa chuo, sikuweza kuanzia katikati. Ukiutaka mstari wa tatu, sharti nianze na wa kwanza.

Alasiri moja jirani yetu wa nyuma ya ua, bi mmoja wa makamo, alipiga hodi ameshika chupa ya maji. Alisalimiana na mama kwa kirefu, wakaulizana hali za watu wote wa kwao, kisha akanigeukia kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa tangu nizaliwe. Aliniomba nimsomee dua kwenye yale maji. Goti la mumewe lilikuwa halimpi usingizi, na kwa siku kadhaa alikuwa akiiweka chupa chini ya ua wa makuti kila nikianza kusoma. Mzee akinywa anapata nafuu. Lakini aliona si vizuri kuiba ibada ya mtu, afadhali aje mlangoni.

Sikujua nicheke au nikimbie. Nimesoma miaka yote bila kumfaa mtu, na siku ninayomfaa jirani ni kwa sarufi ya Wajerumani. Nikamwambia ukweli kwamba sisomi dua yoyote, ni Kijerumani cha mtihani, na kwa goti la mzee aende kwa shehe au hospitali.

Bi akamgeukia mama. "Mbona weye uliniambia mtoto yumo kwenye uradi, asoma dua zake za kila siku?"

Mama hakuinua uso kwenye ungo.

"Ningekwambia Kijerumani, ungeniuliza aondoka lini," alisema. "Na mie sitaki kuulizwa."

Jirani aliiweka chupa chini, akakaa mkekani, akaanza kuchambua nasi bila kualikwa. Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo ninayoiweza zaidi, lakini haikuja. Muda wote ule nilidhani mama anazivumilia kelele zangu. Kumbe kila mstari nilioushika ulikuwa unanitoa nyumbani kwake, naye akikaa pale pale kuusikiliza. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kwenda kwa mume wangu.

Mtihani niliufanyia Dar, katika chumba cha baridi ya kuhifadhia samaki. Nilipoulizwa swali la kwanza, jibu nililijua, ila lilikuwa katikati. Nikaanza juu kabisa, kimoyomoyo, midomo ikicheza na mwili ukitikisika mbele na nyuma. Watahini wawili wakatazamana. Mmoja, nadhani aliona nataka kuzimia, akanisogezea glasi ya maji. Niliyatazama maji yale, nikalikumbuka goti la mzee, na ilibaki kidogo niangue kicheko. Mstari wangu ukafika, nikajibu. Wakauliza jingine, nikarudi juu tena.

Nilifaulu, si kwa kujigamba, lakini nilifaulu. Mume wangu alituma mioyo mingi ya rangi zote, akanikumbusha kwamba yeye tangu zamani alisema ni jambo dogo.

Matokeo hayo yalinikuta nyumbani, asubuhi. Mama alisema alhamdulillahi kama inavyopasa, akaenda kuanika karafuu. Baada ya alasiri tukakaa uani, karafuu zenyewe zikiwa za mwisho mwisho. Nilichambua kimya, maana sikuwa tena na cha kuhifadhi.

"Mbona husomi?" mama aliuliza.

Nikamwambia mtihani umekwisha, hakuna haja.

Alichambua kidogo, akatupa makonyo upande wake. "Soma tu," alisema. "N'kusikie."

Nikaanza juu kabisa. Sauti yangu haikuwa nzuri, ilikuwa inakatika. Nyuma ya ua nikasikia chupa inawekwa chini, polepole, na mtu akikaa. Nilipofika mwisho wa jedwali mama alikuwa bado amekaa, kwa hiyo nikarudi mwanzo.