Kinyonga wa Kwenye Mbaazi, Masakta

Niliondoka Mbulu kwa sababu ya kinyonga. Restituta, muuguzi mwenzangu katika wodi ya wazazi, alikuwa ametoka likizo nyumbani kwao Masakta. Tukiwa tunakunywa chai akaniambia mama yake hachumi tena mbaazi kwa uoga. Kinyonga mnene amehamia kwenye mbaazi zilizo pembeni mwa bustani, hasogei, na jirani ameombwa aje amuue Jumapili baada ya ibada.

Mimi ni mtu wa Tanga, ajira ndiyo iliyonileta Mbulu. Mwanzoni baridi ilinifungia ndani, mpaka niliponunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Tangu hapo sina wikendi. Nimepiga picha siafu, konokono, hata buibui wa chooni. Kinyonga sikuwahi. Namwogopa, utotoni tulimkimbia kuliko nyoka. Lakini niliposikia anauawa, moyo ulinienda mbio kama mtu anayeachwa na basi.

"Jumamosi twende," nikamwambia Restituta.

"Wewe unayemwogopa mjusi?"

"Twende hivyo hivyo."

Jumamosi alfajiri tulipanda basi stendi ya Mbulu, madirisha yamejaa unyevu na abiria wamejikunyata kwenye makoti. Mimi baridi sikuisikia. Kila dakika nilikuwa nafuta lenzi.

Tulipoipita Dongobesh tairi moja likaisha upepo. Wenzangu walilalamika, mimi nilishukuru kimoyomoyo. Kando ya barabara, juu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, palikuwa na uyoga mdogo mno, kofia zake nyembamba zinapitisha mwanga. Nililala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande.

"Dada, umedondosha nini?" akauliza mzee mmoja wa kwenye basi.

"Sijadondosha kitu, mzee. Shikamoo. Napiga picha uyoga."

"Marahaba. Uyoga upi?"

Nikamwonyesha kwenye simu: chini ya kofia kulikuwa na vijinyuzi vimejipanga kwa ufundi wa fundi cherehani. Akatazama simu, akatazama kinyesi, akatazama tena simu. Kisha akamwita mke wake aje aone.

Basotu tulifika jua limeshapanda. Mashamba ya ngano yalikuwa ya manjano mpaka macho yanapoishia, na ziwa liking'aa kwa mbali. Siku nyingine ningeshuka majini kutafuta kereng'ende. Safari hii tulichukua boda boda moja kwa moja, simu nimeifunga ndani ya mtandio vumbi lisiiguse.

Masakta, mama yake Restituta alitupokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Mbulu yote kwa ajili ya mdudu?"

Alitupa ugali, mboga na maziwa mgando. Tulipomaliza akasema, "Mpige hiyo picha yako. Kesho anaondoka. Mimi nina mboga ya kuchuma, siwezi kugawana bustani na yule."

Mgeni hampangii mwenye nyumba. Nikajibu, "Sawa mama," nikaenda bustanini na huzuni yangu.

Kinyonga alikuwa pale, rangi ya kahawia, ubavuni mstari mweupe. Nilisogea, nikasimama, nikasogea tena, hadi ngozi yake ikajaa kwenye kioo: punje kwa punje, kama ulezi uliomwagwa. Jicho moja lilinigeukia, la pili likaendelea kumtazama nzi. Nilitaka kukimbia na nilitaka kucheka.

Ndipo tumbo lake likajikaza. Mkazo ule naujua, nauona kila zamu.

"Restituta," nikaita taratibu, "anazaa."

"Kinyonga hutaga mayai."

"Si wote, inaonekana. Njoo uone huyu."

Kifuko chenye utelezi kilitoka na kunata kwenye jani. Ndani yake kitu kilijikunja, kikajinyoosha, ngozi ile laini ikapasuka. Akatoka kinyonga mzima, mdogo kuliko mbegu ya boga, akazungusha macho, akashika kijiti kwa vidole vyake na kuanza safari. Kinyonga mama akapiga hatua mbele, akaachia mwingine.

Mama Restituta alikuja na fimbo ndefu kuona kinachotuchelewesha. Akasimama mbali. Restituta akampelekea simu, na mama akaitazama muda mrefu, ameisogeza karibu na pua.

"Ana mikono," alisema. Baadaye akauliza, "Wapo wengine tumboni?"

"Bado wanakuja, mama."

"Na yeye amekula?"

Aliegemeza fimbo kwenye ua, akampigia jirani simu. "Kesho usije," alisema. "Mzazi hafukuzwi." Halafu, hatua moja moja, mkono umeshika mkono wangu kwa nguvu, akaja mpaka kwenye jani lenye mtoto aliyezaliwa punde.

Jumapili mchana tulirudi. Ndani ya basi nilipitia picha: nyingi zina ukungu. Ile ya kifuko kinachopasuka imetoka safi kabisa, na sijui niliipigaje.

Nilikuwa nadhani uoga unaisha kwanza, ndipo mtu anasogea. Masakta nilisogea nikiwa na uoga wangu, mama akasogea na wake, tukakutana kwenye jani moja.