Mtumbwi uliomsimamisha Mgambo

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, Digna Matimbwa anamimina ndoo ya kumi na nne ya maji ndani ya mtumbwi. Mtumbwi wenyewe hauko mtoni. Umekaa kwenye udongo mkavu nyuma ya nyumba yake, kati ya banda la kuku na mpapai, katika kitongoji kimoja karibu na Kivukoni, nje kidogo ya mji wa Ifakara.

"Bado mbili," anasema huku akihema.

Yakifika kwenye mstari wa mkaa alioupiga ubavuni mwa mtumbwi, anaweka ndoo chini na kupiga mluzi. Kutoka kwenye kivuli cha ukuta anainuka mbwa wa kahawia, sikio moja limekatika ncha. Anakuja akiyumba kiunoni, makucha ya nyuma yakikwaruza ardhi. Hana haraka, lakini anakuja kwa miguu yake minne, na hilo ndilo lililomtoa mwandishi wa makala haya mjini.

Mbwa huyo anaitwa Mgambo. Digna anampakata, anamtumbukiza taratibu mpaka maji yanagusa tumbo, kisha anapitisha khanga kuukuu chini ya nyonga zake na kushika ncha mbili kwa mkono mmoja. Mgambo anaanza kutembea kutoka tezi hadi omo, mwisho mmoja wa mtumbwi hadi mwingine.

"Kulia. Kushoto. Kulia. Wewe, usinidanganye, huo mguu haujagusa chini. Rudia!"

Mbwa anarudia. Mtu asiyejua kisa hiki angeondoka akisema mama huyu ana nafasi ya kuchezea. Katika mitaa yetu mbwa akipita huokotewa jiwe, na anayemkanda mbwa miguu asubuhi na jioni lazima asemwe. Digna amesemwa sana, na majirani waliomsema wengi sasa huja kutazama.

Digna ana miaka 53. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kulinda mashamba ya watu upande wa Lupiro, ng'ambo ya daraja la mto Kilombero. Msimu wa mpunga analinda ekari kumi na moja za wakulima wanne, na kila ekari humpatia madebe mawili ya mpunga wakati wa mavuno. Kiangazi analinda mahindi yanayopandwa kwenye udongo unyevu wa kandokando ya mto. Adui zake ni nguruwe pori, ngedere na kwelea. Kwelea huwafukuza kwa kombeo na debe bovu. Waliobaki ni kazi ya Mgambo.

"Nguruwe haniogopi mimi," anasema. "Ananiangalia hivi, anaendelea kula. Akimsikia Mgambo anaacha mpaka watoto."

Kazi hiyo hufanyika juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama katikati ya shamba. Katika bonde hili dungu zuri lina mapacha mawili ya miti, yaani panda za kushikilia sakafu, ya juu na ya chini. Mto ukifurika na maji kutanda mashambani, sakafu hupandishwa kwenye mapacha ya juu, na mlinzi hukaa huko na mbwa wake kwa kuhofia mamba. Maji yakiondoka kwenye nguzo, sakafu hushushwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila kila mlinzi anaijua.

Masika ya mwaka huu maji yalikaa muda mrefu. Kwa wiki saba Mgambo aliishi juu, mita mbili na nusu kutoka ardhini. Nguruwe wakitokea aliruka moja kwa moja, chubwi, akaogelea na kuwatimua hadi kwenye matete.

Katikati ya Mei maji yakaondoka. Digna akaona, na akasema atashusha sakafu kesho.

"Kesho yake nikasema tena kesho," anasimulia, na hapa sauti inapungua. "Miti ilikuwa imevimba kwa maji, kuichomoa ni kazi. Halafu kule juu naona mbali. Siku tatu zikapita. Uvivu wangu mwenyewe, sina wa kumsingizia."

Siku ya nne, mnamo saa kumi jioni, nguruwe walitoka kwenye matete. Mgambo aliruka kama alivyozoea. Chini hapakuwa na maji, palikuwa na ardhi iliyoanza kukauka na kisiki cha mti wa zamani.

Alipiga kelele moja tu. Digna aliposhuka alimkuta akijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, huku ya nyuma ikilala kama si yake. Nguruwe walikula mpunga kwa nafasi mpaka wakashiba, na mlinzi wa shamba hakuwaangalia hata mara moja.

Wa kwanza kufika alikuwa Nazari Lyanga, kijana wa miaka 34 mwenye shamba la jirani. Alikuja na rungu.

"Nilikwenda kumsaidia mama," anasema Nazari, akicheka kwa aibu. "Sisi wakulima, mnyama akivunjika mgongo anamalizwa, asiteseke. Nikamwambia, shikamoo mama, pole, wewe geuka huko tu, usitazame. Akanijibu, marahaba, na hilo rungu likimgusa tutazikwa wawili."

Wengine waliofika walikuwa na mawazo tofauti. Mmoja alitaka mbwa avutwe miguu ili uti unyooke. Mwingine alisema ni kichaa cha mbwa, watu wakae mbali. Digna alikataa yote. Alilaza ngazi ya dungu chini, akafunga viroba juu yake, kisha yeye na Nazari wakamsogeza mbwa juu ya viroba bila kumpinda. Wakaibeba ngazi hiyo hadi barabarani, mwendo wa karibu saa nzima, wakapata guta lililokuwa limepeleka magunia.

Obed Kisunga, daktari wa mifugo anayefanya kazi zake binafsi Ifakara, alikuwa anafunga mlango walipofika. Kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku. Swali lake la kwanza lilihusu chanjo ya kichaa, na Digna akatoa kadi ya Mgambo kwenye mfuko wa nailoni anaotembea nao, anamoweka pia kadi yake ya kupigia kura.

"Hapo nikajua huyu si mteja wa kawaida," anasema Dk. Obed. "Watu wanaleta mbwa hata hawakumbuki jina."

Alipapasa uti wa mgongo, kisha akabana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu ulijikunja, lakini daktari hakuridhika, kwa sababu mguu huweza kujikunja wenyewe bila habari kufika kichwani. Akabana kwa nguvu zaidi. Mgambo akageuza shingo na kutaka kumng'ata.

"Sijawahi kufurahi hivyo kwa mbwa kutaka kuniuma," anasema. "Maana yake maumivu yanafika kichwani. Uti umeumia na kuvimba, ila haujakatika."

Alimchoma sindano za maumivu na uvimbe, akampa Digna masharti. Mwezi mzima mbwa asitembee, asiburuzike, asipandishwe popote. Ageuzwe ubavu kila baada ya saa tatu asipate vidonda. Kibofu kikandamizwe kwa kiganja mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu mkojo hautatoka wenyewe. Baada ya hapo aanzishiwe mazoezi. Kisha akamwambia jambo ambalo Digna hakulisahau: wiki sita zikiisha bila mbwa kujaribu kusimama, itabidi wazungumze namna ya kumpumzisha.

"Nilihesabu hizo wiki kama mjamzito," anasema Digna.

Aliuza jogoo na mitetea wawili kulipia sindano. Godoro la Mgambo likawa gunia lililojazwa pumba za mpunga, la pili likiwa juani likikauka. Kibofu kilimsumbua mwanzoni, alikuwa akiogopa kubonyeza, mpaka Dk. Obed alipokuja na kuweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Shambani alimweka ndugu mmoja kwa malipo ya nusu ya mpunga wake, na bado nguruwe walikula karibu ekari moja.

Wakulima wawili walimshauri achukue mbwa mwingine. Hakuwalaumu. "Wana haki, ni chakula chao. Lakini Mgambo hakuanguka. Nilimwangusha mimi kwa ile kesho yangu. Ningewezaje kuleta mbwa mwingine akanyage palepale?"

Mwezi ulipoisha, daktari akasema sasa atembezwe ndani ya maji yanayofika tumboni, ili maji yabebe uzito na miguu ikumbuke kazi yake. Maji hapa si tatizo, mto huo hapo. Tatizo ni wenyeji wake. Mama mwenye akili hawezi kusimama kwenye maji ya Kilombero nusu saa asubuhi na jioni, ameshika mbwa mgonjwa, bila kumkaribisha mamba. Beseni lilikuwa dogo, na ndani ya pipa lililokatwa mbwa aliangukia ubavu.

Ndipo Digna akautazama mtumbwi uliolazwa kifudifudi nyuma ya nyumba.

Mtumbwi ni wa mumewe, Evarist, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alivusha watu pale Kivukoni kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kabla ya daraja. Daraja lilipofunguliwa aliuburuta nyumbani na hakuruhusu yeyote aukalie, achilia mbali kuupasua kuni.

"Daraja ni zuri, hata mimi napita juu yake," anasema mzee huyo wa maneno machache. "Lakini mtumbwi wangu ulishavusha wajawazito, ukavusha na maiti. Mke wangu, mama Jane, ananiambia anataka kuogeshea mbwa. Nikamwambia hapana."

Digna hakubishana. Aliendelea kumshikilia Mgambo ndani ya pipa, mbwa anaanguka, anamwinua, anaanguka tena. Evarist alitazama kwa siku mbili akiwa kwenye kigoda chake. Siku ya tatu mkewe aliporudi kutoka kulitazama shamba, alikuta mtumbwi umegeuzwa, ufa wake umezibwa kwa lami, na mzee anaegesha matofali pembeni usiyumbe.

"Baba Jane, umefanya nini?"

"Lete maji," akajibu.

Kumbe mtumbwi ulikuwa kama umechongwa kwa kazi hiyo. Ni mrefu kiasi cha mbwa kupiga hatua nyingi, na ni mwembamba, kwa hiyo kuta zake zinamshika huku na huku asiangukie ubavu. Dk. Obed anasema katika kazi yake hajawahi kuona kifaa kilichomfaa mgonjwa kiasi kile, na kwamba yeye asingekibuni.

Hata hivyo wiki ya sita iliisha na miguu ya nyuma ikielea tu kama vitambaa. Daktari alikuja siku hiyo na mkoba wake. Hakuufungua. Digna alimwomba wiki moja.

"Nilimpa kwa sababu ya ule mtumbwi," anakiri daktari. "Sikuwa na matumaini makubwa."

Siku ya nne ya wiki hiyo, Evarist ndiye aliyekuwa ameshika khanga, mkewe akiteka maji kisimani. Alisikia kitu kinagonga sakafu ya mtumbwi, taratibu. Alikaa miaka ishirini na mbili akiusikiliza mtumbwi huo, anasema, hawezi kukosea. Akalegeza khanga kidogo. Mgambo akabaki amesimama.

"Mzee alipiga ukelele, nikajua mbwa amekufa," Digna anakumbuka. "Nikaacha ndoo, nikakimbia. Nikamkuta analia, anasema, kakanyaga, mama Jane, kakanyaga!" Anapangusa macho kwa upande wa khanga, kisha anamcheka mumewe, ambaye amegeukia mpapai akijifanya anatafuta papai bivu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Sasa Agosti inaanza, na Mgambo anakojoa mwenyewe, anasimama mwenyewe, na tangu wiki iliyopita amerudi shambani kwa saa chache za mchana. Dk. Obed anaonya kwamba huenda kiuno hakitanyooka kabisa, na kwamba kuruka ni mwiko mpaka mwisho wa maisha yake.

Digna ana mpango. Kabla ya masika anataka kila dungu analolindia liwe na njia ya mteremko ya mianzi, yenye vijiti vya kukanyagia, inayoweza kusogezwa maji yakipanda na kushuka. La kwanza limekamilika. Nazari, yule aliyekuja na rungu, ndiye aliyekata mianzi. Na sakafu ya dungu hilo imeshashushwa kwenye mapacha ya chini, kimo cha kiuno cha mtu mzima.

Saa nne tunaketi juu yake, mahindi yakianza kubeba. Ghafla matete yanatikisika na ngedere sita wanaingia shambani. Mgambo anabweka, anakimbilia ukingoni pale alipozoea kurukia. Digna anasimama lakini hamshiki.

Mbwa anatazama chini. Anarudi nyuma, anazunguka, anaishika njia ya mianzi na kuteremka akiyumba, kijiti kwa kijiti, huku akibweka njia nzima. Anapofika kwenye mahindi, ngedere wa mwisho ameshatokomea na hindi mkononi.

"Amechelewa," mwandishi anasema.

"Ndiyo, amechelewa," anajibu Digna, machozi yakimtoka na hajisumbui kuyafuta. "Lakini umeona? Amekwenda kwa miguu."