Harusi Yetu ya Majini, Kimanga

Mwaka ule ziwa lilipanda likaingia kwetu Kimanga, mjini Uvira, bila kubisha hodi. Lilianza na migomba ya nyuma, likachukua jiko, kisha asubuhi moja tukashusha miguu kitandani tukakanyaga maji. Mvua zilikuwa zimezidi milimani msimu baada ya msimu, na mito yote ilikuwa ikiteremsha maji ziwani. Redioni walisema ni mabadiliko ya tabianchi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akasema:

"Sawa. Lakini Jumamosi mutoto wangu anaolewa."

Mtoto huyo alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa Mutarule, kule bondeni Ruzizi, kijana mpole aliyetoka katika familia ya wakulima. Baba mdogo wetu, anayeishi Rugenge mahali pakavu, alikuja kutuomba tuwapokee wageni kwake. Mama alikataa. Nyumba ile marehemu baba aliijenga mwenyewe, na mimi pia nilikuwa nimetoka kwenye mlango wake siku yangu ya ndoa.

"Binti wa hapa anatokea mu mulango wa baba yake," mama alimwambia. "Maji si mukubwa wa familia."

Basi tukajitayarisha. Tulipandisha viti juu ya matofali. Majirani, ambao wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwa ndugu zao, walirudi na mbao kutujengea daraja kutoka barabarani. Mbao zikaisha kwenye mpera wetu, katikati ya uwanja. Kutoka hapo hadi mlangoni maji yalifika magotini, na mahali pengine mapajani. Mvuvi mmoja wa jirani akasema hiyo si shida, yeye ataleta mtumbwi wake. Wanawake wakapika barazani kwa jirani, upande wa juu wa barabara, na harufu ya samaki wa mukeke wa kukaanga na sombe ya majani ya mihogo ikatufikia tukiwa ndani.

Jumamosi, mdogo wangu alikaa juu ya meza ya sebuleni, amekunja miguu ndani ya gauni lake jeupe, nami nikimsuka. Samaki wadogo walikuwa wakipita chini ya meza. Kila akiwaona alicheka, na kila akicheka nilipoteza mstari wa nywele.

"Tulia, weye!"

"Dada, hawa nao wamealikwa?"

Mimi sikuwa na raha. Niliona aibu kwamba wakwe wangetukuta hivi, kama watu waliosombwa na mto.

Walifika mchana, wakiimba. Mbele alitembea shangazi wa bwana harusi, mama mnene aliyevaa kitenge kipya cha njano. Alikuwa amelima bondeni maisha yake yote na hajawahi kupanda chombo cha majini. Alipita juu ya mbao polepole, akafika kwenye mpera, akaona mtumbwi unavyoyumba, akaushika mti kwa mikono miwili.

"Minye siingii mule! Mungu alinipa miguu ya udongo!"

Nyimbo zikakatika. Tukamwomba na kumbembeleza, lakini hakuachia mti. Ndipo mama, akiwa na kitenge chake cha harusi na kilemba kichwani, akashuka kizingiti akaingia majini. Sikuwahi kumwona akitembea kwa fahari vile. Alifika chini ya mpera amelowa hadi kiunoni, akanyoosha mkono.

"Mukwe, chini iko udongo. Uleule wa kwenu. Kuya tukanyage pamoja."

Shangazi alimtazama. Kisha akavua viatu, akampa mpwa wake, akajitumbukiza pwaa. Akapiga kelele za baridi, mama akapiga kigelegele, na wote wawili wakaja mlangoni wameshikana mikono, wanacheka mpaka machozi. Aibu yangu yote iliniisha palepale. Wageni wengine hawakungoja tena mtumbwi. Walikunja suruali, wakainua vitenge, wakaingia.

Msemaji wao alisimama sebuleni, maji kwenye mashavu ya miguu, akaanza kwa heshima zote, kwa fumbo la kuomba bibi harusi:

"Bakwe, tumekuja kutafuta kuku wetu. Tumesikia aliingia humu."

Baba mdogo akamjibu bila kutabasamu:

"Kuku haiishi hapa tena. Hapa iko bata tu."

Nyumba ilitetemeka kwa kicheko. Mdogo wangu alisimama juu ya meza akapaza sauti, "Niko bata, nichukueni!" Na kwa hiyo wakamchukua. Alitoka kwenye mlango wa baba yake akapanda mtumbwi, amekaa wima, gauni limejaa chombo kizima, huku kwaya ya parokia ikimpigia makofi kutoka barabarani.

Nyumba haikudumu. Kabla ya msimu kwisha ukuta wa upande wa ziwa ulianguka, na mama alilia siku hiyo, sitaficha. Lakini shangazi yule alikuja mwenyewe kumchukua. Alimpa kipande cha shamba Mutarule, na sasa wanalima mihogo na maharage pamoja, wakibishana kama mapacha.

Huko nako mvua imepoteza kalenda yake. Mara inakuja mapema ikaozesha mbegu, mara inawaacha wakitazama mbingu. Wao hupanda tena. Mwaka jana ilichelewa sana, na kila jioni mama alinipigia simu kuniuliza kama Uvira kunanyesha. Alasiri moja simu ikalia, nikapokea, sikusikia salamu yoyote. Nilisikia ngurumo ya maji juu ya mabati, na nyuma yake sauti za wanawake wawili wazee wakiimba uwanjani.

"Unasikia?" mama alipiga kelele. "Unasikia, mwanangu?"

Nilisikia. Niliketi, nikaiacha simu sikioni mpaka yuniti zake zikaisha.